Riviu ya walezi wa kukodi: nyota tatu, mbili kati ya hizo ni za kijana mmoja

Haya jamani, kuna watu niliwaahidi ntaandika kuhusu hii huduma ya walezi wa nyumbani tuliyomchukulia mzee, ndo hii sasa. Jina la kampuni siliweki na msinifuate inbox, kwanza bado tuko nao, pili kampuni za aina hii Kampala sa hizi zimejaa na fomu zao zinafanana mpaka nukta, kwa hiyo hata bila jina itawasaidia. Natoa nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za kijana mmoja ambaye ntamfikia, moja ni ya ofisi kwa sababu simu wanashika na risiti wanatoa.

Kwanza mjue mgonjwa ni wa aina gani, manake riviu nyingi za hizi kampuni zimeandikwa na watu wenye mgonjwa wa stroki au jaja anayesahau majina ya wajukuu, na kwa hao sina ubishi, huenda huduma ni nzuri kabisa. Mzee wetu hasahau. Namba ya siri ya mobile money anayo kichwani, namba ya bunduki aliyopewa akiwa kuruta anayo, na alikuwa dereva wa malori jeshini kwa hiyo barabara ya Gulu anaweza kukutajia kona zote mpaka mpakani. Amestaafu, tunaishi Bombo, mji wenye kambi ya jeshi si mbali na Kampala. Yeye ni mtu wa Nebbi, mama ni Mnubi wa hapahapa, sisi watoto tumekulia kambini, kwa hiyo nyumbani kwetu lugha ni Kiswahili, na hilo lishikeni manake huko mbele lilileta shida.

Kilichomtoka mzee ni huruma. Ilianza kabla hajafika 60 na haikuanza kwa fujo, ilianza kwa kutojali. Shemeji kafiwa, yeye anauliza chakula kitaiva saa ngapi. Kwenye mazishi ya mdogo wake wa damu huko Nebbi, watu wamekaa chini ya maturubai wanalia, mzee kazunguka nyuma kwa wapishi katoka na sahani ya nyama kakaa mbele kabisa anakula, alafu anamuuliza padri kama maneno bado mengi. Ukoo ukasema kalogwa, wengine wakasema ana mwanamke Kampala, shangazi yeye akasema ni pensheni imempanda kichwani.

Ila iliyotufanya tutafute hospitali kweli ilitokea jikoni. Mama alikuwa anakaanga mandazi, karai likateleza kwenye sigiri, mafuta yakammwagikia mkono kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko. Alipiga kelele mpaka jirani kaja mbio bila viatu. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, hatua mbili tu kutoka hapo. Akamtazama mama, akatazama mandazi yaliyomwagika, akainama akaokota moja, akalifuta kwa shati akaondoka nalo kwenda kusikiliza taarifa ya habari. Na huyu ni mtu ambaye zamani mama akiumwa kichwa tu anatoka saa saba usiku kutafuta Panadol.

Hospitali zenyewe tulizunguka, malaria, taifodi, presha, kisukari, mahali pamoja wakaandika sonona wakatoa vidonge, kwingine wakasema ni stresi ya kustaafu atazoea. Mpaka tukampata daktari wa ubongo Kampala ambaye kwanza aliondoa vitu vingine, akapima Ukimwi, kaswende, tezi ya shingo na vitamini B12, manake hivyo vyote vinaweza kumgeuza mtu tabia na vina dawa. Vyote safi. Ndo akatuandikia MRI, ile picha ya ndani ya ubongo, ambayo bei yake naomba nisiizungumzie. Kwenye picha alitufuatishia kwa ncha ya kalamu, huku mbele nyuma ya paji la uso na huku pembeni usawa wa masikio ubongo umesinyaa, upande wa kulia ndo zaidi. Akasema inaitwa dimensia ya frontotempora (dimensia ni ubongo kudhoofika kidogokidogo), akasema Alzheimer kawaida inaanza na kumbukumbu lakini hii ya mzee inaanza na tabia, na mara nyingi inamshika mtu akiwa na miaka 45 mpaka 65, umri ambao hakuna anayewaza dimensia, ndo maana wanaishia kuambiwa ni msongo au ni umalaya. Wala si ugonjwa mpya, kuna daktari wa Prague anaitwa Arnold Pick aliandika kuhusu mgonjwa wa namna hii mwaka 1892. Huyu Bruce Willis wa sinema pia familia yake walitangaza Februari 2023 kwamba ana dimensia hii, ila kwake kilichotangulia kujulikana ni kupotelewa na maneno, manake ugonjwa una sura zaidi ya moja.

Mama aliuliza swali moja tu, anatuchukia? Daktari akasema hapana mama, akikuona unalia anajua unalia, ukimuuliza atakujibu analia, ile habari inafika ila haimchomi. Sehemu ya ubongo iliyokuwa inamchoma ndo hiyo iliyosinyaa. Na hajui kama amebadilika, ukimwambia atakushangaa. Hapo mama alinyamaza mpaka tunapanda taxi kurudi.

Sasa kampuni.

Tuliwapata kwa tangazo, picha ya dada mwenye gauni la bluu amemshika bibi mkono wote wanacheka, na chini wameandika walezi wenye upendo. Tukapiga, wakatuma nesi kuja kumpima mzee nyumbani, hiyo ziara ni laki moja na usafiri juu yako. Nesi mwenyewe mstaarabu, kavua viatu, kamsalimia mama vizuri. Alafu katoa fomu. Mgonjwa anakula mwenyewe? Ndio. Anaoga mwenyewe? Ukimkumbusha. Anatembea? Kuliko wewe. Anajua leo tarehe ngapi? Mzee kataja tarehe, siku, mwezi, kataja rais, kahesabu kurudi nyuma kutoka 100 akiondoa saba saba bila kukosea wakati mimi nahesabu kwa vidole nyuma ya kiti. Nesi kafunga faili kaandika mgonjwa mwepesi.

Mgonjwa mwepesi! Mama alicheka mpaka machozi. Wakati nesi anajaza hiyo fomu mzee alikuwa ameshamaliza sukari yote ya kwenye bakuli kwa kijiko, na alikuwa ameshamwambia nesi kwamba meno yake yamekaa vibaya. Hakuna mahali kwenye fomu pa kuandika hayo. Nilimuonyesha barua ya daktari nikamwambia huu ugonjwa mwanzoni mtu anaweza kupasi mtihani wa kumbukumbu vizuri tu, huwezi kumpima kwa tarehe, muulize mke wake. Akasema ndio naelewa, na fomu ikabaki vilevile. Kwa hiyo nyota ya kwanza iliyodondoka ni hapo. Kama fomu ya kampuni haiulizi mgonjwa anawatendeaje watu, na haina nafasi ya mtu anayeishi naye kuongea, basi wamejiandaa kwa mgonjwa mwingine.

Bei ya mgonjwa mwepesi ni laki saba kwa mwezi kwa mlezi wa mchana, wa kulala hapohapo ni milioni moja na chakula. Tukachukua wa kulala.

Wa kwanza kuja alikuwa dada wa Masaka, na huyu sitaki mtu amseme vibaya, alikuwa na moyo, usafi wake, chakula chake, hata mama alimpenda. Shida ni kwamba moyo ndo kitu alichokuwa amefundishwa kufanyia kazi. Mpende kama mzazi wako na yeye atakupenda, ndo wanavyowafundisha, alinionyesha mpaka kijitabu chake. Na kwa jaja anayesahau nadhani inafanya kazi kweli, jaja atasahau jina lako lakini ukimshika mkono atatulia, atakutabasamia, utalala vizuri. Huyu wetu hatabasamu. Dada anamwita taata, anamletea chai na maneno matamu, mzee anamwambia wewe ni mnene unamaliza chakula cha watu. Anakula lake, alafu anahamia sahani ya dada, mbele ya macho yake, bila hata kuharakisha. Lugha nayo, dada alikuwa na Kiganda na Kiingereza, Kiswahili cha kuombea maji tu, na mzee vyote anavisikia lakini tangu augue anajibu Kiswahili cha kambini, kifupi kikali, kwa hiyo hata kitu cha kawaida masikioni mwa dada kilikuwa kinafika ni amri ya afande mwenye hasira.

Kilichommaliza ni simu. Walimpigia kutoka nyumbani kwamba mtoto wake kalazwa, akakaa hapo sebuleni kwenye kochi akalia kwa sauti kabisa, mama anamshika mabega. Mzee akasema sogea, unaziba tivii. Akasogea. Yaani kasogea kweli, huku analia, alafu jioni kapanga begi. Ukiniuliza mimi asingeondoka kama kuna mtu ofisini alikuwa amemkalisha siku moja akamwambia ukweli, kwamba unaenda kwa mtu ambaye hatakuona. Wazungu wameshaandika sana kuhusu hii, kuna vipimo wanawaonyesha wagonjwa hawa picha za nyuso, hii ya hofu, hii ya huzuni, na wanashindwa kuzitofautisha kwa namna ambayo watu wengine hawashindwi. Kejeli nayo inawapita, wanachukua maneno yalivyo. Hilo mama aligundua bila kipimo chochote. Siku moja kabeba madebe ya maji mawili kutoka bombani, mzee kakaa kibarazani miguu kainyoosha njiani hata hajaikunja apite, mama kamwambia asante sana mume wangu kwa kunisaidia. Mzee kajibu karibu. Na alimaanisha.

Tukapiga ofisini kusema tunahitaji mtu mwingine, na hapa ndo wamepoteza nyota ya pili. Meneja akasema ripoti inaonyesha mzee ni mkorofi, kwa hiyo tuongeze laki mbili, wanaiita ya mteja mgumu. Juzi mwepesi, leo mgumu, na hamna aliyekuja kumpima tena. Alafu akatoa ushauri wa bure, mzee aambiwe aombe msamaha ili mlezi ajisikie vizuri. Mama akamwambia mzee omba msamaha, mzee akasimama akasema samahani kwa sauti ya gwaride akakaa. Haikumgharimu kitu na haikubadilisha kitu, kesho yake alikula sahani ya mwingine. Ukilazimisha msamaha kutoka kwa mtu huyu unajidanganya mwenyewe na unamchosha yeye.

La pili alilotushauri ni baya zaidi na nalisema wazi ili mtu asidanganyike. Alisema kuna nesi wao anaweza kuwa anakuja kumchoma mzee sindano ya kumtuliza, ile wanayowachoma wagonjwa wa akili wakichachamaa. Tulimpigia daktari kwanza. Akasema msithubutu bila mimi, dawa za jamii hiyo kwa watu wenye dimensia zinaongeza hatari ya kufa, na hawa wa frontotempora wengi wao zinawakakamaza mwili haraka. Si kwamba haziandikwi kabisa, ila anaandika daktari, kidogo, na kwa sababu maalumu. Pia alishatueleza kwamba dawa zile za Alzheimer, donepezil na wenzake, kwa huyu hazisaidii na zinaweza kumzidishia vurugu. Anachotumia mzee sa hizi ni kidonge cha jamii ya sertraline, zile dawa za sonona, huruma hakijairudisha na hakuna aliyetuahidi hivyo, ila ile ya kula sukari mpaka bakuli liishe imepungua, na ile ya kufungua na kufunga geti mara arobaini pia. Dawa ya kuuzuia ugonjwa wenyewe haipo. Hiyo nayo meneja hakuijua, alikuwa anatuambia akipata mlezi mzuri atapona.

Haya, laki mbili tulilipa, sitaficha, mama alikuwa amekonda. Wakatuletea wa katikati ambaye hakumaliza hata wiki, huyo nampita.

Alafu akaja kijana. Alikuwa askari wa ulinzi kwenye kampuni ya magodauni kabla hajasomea uuguzi msaidizi, familia yake ilivuka kutoka Kongo, kwa hiyo Kiswahili kinatiririka. Siku ya kwanza hakuanza na mzee, alikaa na mama jikoni akamenya naye viazi akauliza maswali ambayo fomu haikuuliza. Mzee anapenda nini. Anakasirika saa ngapi. Anaenda wapi akitoka. Nani amemzoea dukani. Anagusa watoto? Anachukua vitu vya watu? Anaendesha gari bado? (Funguo tulishaficha, ila swali zuri.) Mama alimwonya mwanangu huyu hatakushukuru. Akasema mama mimi hapa sitafuti shukrani, natafuta mshahara. Nilikuwa koridoni nikasikia, nikajua huyu atakaa.

Na amekaa. Anamwita mzee afande. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi anasimama mlangoni anasema afande, maji tayari. Hasemi ungependa kuoga sasa taata. Maneno matatu, basi, na mzee anainuka. Chai ni saa moja, sukari imeshapimwa kwenye kikombe kutoka jikoni, bakuli halionekani mezani, liko kwenye kabati lenye kufuli. Chakula cha mzee kinaletwa kwanza na wengine wanakula akishamaliza, na ile vita ya sahani ikaisha siku hiyohiyo bila mtu kumfundisha adabu. Saa nne wanatembea kwenda dukani na kurudi, njia ileile, mzee anapewa noti ya elfu mbili, ndo yake ya siku, ananunua kabalagala, vile vikeki vya ndizi vya kukaanga. Mwenye duka ameambiwa asimkopeshe. Kijana pia aliandika kadi kwa Kiswahili na Kiganda, akaiweka kwenye pochi yake, huyu baba ana ugonjwa wa ubongo, anaweza kukwambia maneno mabaya au kuchukua kitu, tafadhali usimpige, piga namba hii. Imeshatumika, bodaboda mmoja mzee alimwambia ana harufu na kashuka bila kulipa, vijana wa steji wakamzunguka, kadi ikasomwa kwa sauti, wakamrudisha mpaka getini. Bila hiyo kadi sijui. Mjini huku mwizi anajulikana kwa kelele ya mtu mmoja.

Msikitini pia alienda mwenyewe kuongea na imamu, manake mzee katikati ya hotuba ya Ijumaa anasimama anauliza itaisha saa ngapi (na kuna Ijumaa wengi walikuwa wanataka kuuliza hivyohivyo, tuwe wakweli). Sasa anakaa safu ya nyuma karibu na mlango, akiinuka kijana anainuka naye wanatoka, hakuna anayegeuka.

Kitu kimoja cha kijana ambacho ningependa kila kampuni iibe. Mzee akimtukana haoni haya wala hajibu, lakini pia hasemi ni sawa. Anahamisha mada, afande twende tukaangalie tangi la maji, na wanaenda. Nilimuuliza hauumii? Akasema mwanzoni inauma, ila nikishajua kwamba angesema hivyohivyo kwa kiti, haina pa kuingilia. Jioni anapumzika kwa muda wa saa mbili nzima, mmoja wetu anashika zamu, hilo alilidai mwenyewe siku ya kwanza na ofisi haikuwa imeliandika. Mpeni mlezi wenu hizo saa mbili jamani, hata kama mkataba haujasema, mtu anayemhudumia mgonjwa asiyemwona hachoki kwa mikono tu.

Watoto nao. Mjukuu wa miaka minne alianguka kutoka kwenye mti wa ovakado, si juu sana ila alipasuka kidevu, damu imelowesha fulana. Mzee alikuwa pale chini ya mti. Alimruka. Hakumpiga, hajawahi kumpiga mtoto yeyote, alimruka tu akaendelea kutembea, mtoto ananyoosha mikono anamwita babu. Tangu hapo kijana ametoa sheria na tumeikubali wote, mtoto haachwi na mzee peke yao hata dakika ya kwenda chooni. Watu wakifikiria hatari wanafikiria mgonjwa anayepiga. Huyu hatari yake ni kwamba kitu kikitokea hataita mtu. Nesi wa fomu alikuwa ametuandikia kwamba wajukuu wakae naye wamchangamshe.

Sasa mama, manake mimi naona hii huduma yeye ndo mteja hata kama anayelishwa ni mzee. Majirani wanamwambia una bahati, mume wako ana nguvu, anatembea, anakula. Hawezi kuwaeleza. Amelala kitanda kimoja na mtu miaka zaidi ya 30 na mtu huyo yupo, suti zake zipo, sauti ni yake, na akiumwa usiku hawezi kumwamsha. Mjane anapewa pole, mama hakuna anayempa. Kampuni haina kitu cha mama, niliuliza, walisema wanaweza kutuma mtu wa kusali naye. Aliyemsaidia ni kijana tena, alimwambia mama ukitaka kulia nenda chumbani kwa binti yako, usilie mbele ya mzee ukisubiri akuangalie, utalia mara mbili. Mama anasema alivyoacha kusubiri amepata usingizi. Anaenda kwa wenzake kusuka vikapu siku mbili kwa wiki, amerudia zile rangi zake za zambarau na njano, na anaporudi hasemi habari za nyumbani anauliza mzee amekula. Nilimuuliza ampe nani nyota ngapi. Kijana tano, ofisi sifuri, dada wa Masaka tano na Mungu amponye mtoto wake. (Mtoto alipona, walipigiana simu.)

Kwa anayetaka kuchukua huduma hii kwa mgonjwa wa aina hii, msiulize kama walezi wao wana upendo, wote watasema ndio. Waulize mlezi wenu akitukanwa kila siku na asishukuriwe hata mara moja mnafanya nini. Wakianza kukuambia kuhusu nidhamu ya mgonjwa, aga uondoke. Omba mlezi anayeongea lugha ambayo mgonjwa anatolea amri, si ile anayoielewa tu. Waandike kwenye mkataba kwamba hakuna dawa ya kutuliza bila barua ya daktari wenu. Hiyo ya mteja mgumu ikataeni kabla ya kusaini, manake baada ya kusaini mtalipa kama sisi. Na usafiri wa Bombo walitutoza kana kwamba ni Gulu, semeni bei ya taxi mnaijua.

Kuna atakayeniuliza kuhusu kurithi, najua, manake hata kaka yangu aliuliza huku anatazama pembeni. Daktari alisema kuna familia ambazo inapita kwa jeni na nyingine haipiti, alituuliza kama kwenye ukoo kuna aliyegeuka tabia mapema au aliyelegea misuli mpaka kufa, manake moja ya hizo jeni inaweza kuleta yote mawili. Upande wa Nebbi tunaulizia, wazee wanakumbuka kwa mafungu. Kipimo kipo nje ya nchi, si lazima, na kila mtu ataamua mwenyewe.

Mkataba tumeusaini upya, safari hii kwa sharti kwamba akibadilishwa kijana bila kutuambia mwezi mmoja kabla tunarudishiwa hela. Meneja alisita, mama akaweka kalamu chini akaomba birika la chai, wakasaini. Nyota zangu ni zilezile tatu.